Nani kasema sodiamu ni mkarimu?

Swali la wahusika halikosekani kwenye mtihani wa Fasihi. Mtahiniwa anapewa mhusika, anaambiwa ataje sifa zake nne na kila sifa aithibitishe kwa mfano kutoka kitabuni. Akiandika "ni mchoyo" kisha akarukia sifa ya pili, msahihishaji hampi alama. Alimnyima nani? Alimnyima nini? Wanafunzi wetu huzoeshwa nidhamu hiyo mapema, na hata yule anayekuja kuisahau tamthilia nzima aliyoisoma hubaki akijua kwamba sifa isiyo na ushahidi ni porojo. Kengele inalia, anaingia mwalimu wa Kemia, na darasa lile lile linaanza kughani haidrojeni, heliamu, lithiamu, berili, mpaka kalsiamu ya 20, kwa mdundo wa watoto wa chekechea. Hakuna anayedai ushahidi wa lolote.

Nayataja masomo haya mawili pamoja kwa sababu ya zoezi moja ambalo walimu kadhaa wa Kemia wamelipenda, nami nikiwamo: kumwambia mwanafunzi achague elementi na aichore kama mtu. Heliamu anakuwa binti anayeelea karibu na dari, hana habari na mtu. Chuma anakuwa pandikizi la jamaa mwenye madoa ya kutu mabegani. Neoni anavaa taa. Huko Japani kuna mchoraji aliyezichora karibu zote kwa kanuni zake mwenyewe: walio wa familia moja, yaani wenye tabia zinazokaribiana, wana mtindo mmoja wa nywele, uzito wa atomu ndio unene wa mwili, na walio gesi wana viwiliwili vya mizimu, hawana miguu ya kukanyagia. Mtu akizitazama picha zile kwa dakika chache anaanza kuliona jedwali la elementi bila kuambiwa.

Zoezi ni zuri, na ni bora kuliko wimbo. Lakini linafaa kwa sharti moja, nalo ni lile lile la Fasihi. Kila mstari uliochorwa uwe na ushahidi. Ukimpa mhusika wako upanga, niambie upanga huo umeuona wapi kwenye tabia ya elementi. Ukimpa macho mekundu, niambie kwa nini si ya kijani. Sharti hilo likiondolewa tunabaki na vibonzo 118 vya kubandika ukutani siku ya wazazi, na mwanafunzi anajua kuhusu bromini kile kile alichokijua jana yake.

Kuzigeuza elementi kuwa watu si jambo la leo. Wachimba migodi wa Saksonia, Ujerumani, katika karne ya 16 walikuwa na mawe fulani yaliyowatesa. Yaling'aa kana kwamba yana fedha, lakini yakichomwa hayatoi fedha. Yanatoa moshi unaowaumiza mapafu na kuwatoa vidonda mikononi. Wakahitimisha kwamba ni kazi ya kibwengo wa mgodini, wakamwita kwa jina lake, na jina hilo ndilo lililobaki kwenye jedwali hadi leo: kobalti. Nikeli naye alipata jina kwa njia hiyo hiyo, kwa kusingiziwa kwamba ni shetani anayeichezea shaba.

Sasa tumsahihishe huyo kibwengo kama tunavyosahihisha insha. Sifa ya kwanza: mdanganyifu. Ushahidi: jiwe linang'aa, fedha hamna. Tunaweza kumpa alama. Sifa ya pili: ana sumu. Ushahidi: moshi. Hapo anakosa, kwa kuwa moshi ule ulikuwa wa arseniki, ambayo katika mawe yale hukaa pamoja na kobalti. Kibwengo alihukumiwa kwa makosa ya jirani yake. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1730, Georg Brandt wa Sweden alipoitenga metali yenyewe na kuonyesha kwamba rangi ya buluu iliyokuwa ikitiwa kwenye vioo ilitokana nayo, si na bismuthi kama watu walivyoamini. Yaani ilichukua takriban karne mbili kumpa mhusika mmoja sifa zake halali. Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika ardhi ya Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya mgodini, na huenda mtoto wa huko ana ushahidi mwingi wa kumchorea kobalti kuliko profesa yeyote wa Ulaya: vumbi, jiwe la kijani na waridi, magunia, betri za simu. Angalau hatamchora kibwengo.

Ukiniuliza nianze wapi na darasa, nitasema tuanze na mikono. Nywele na nguo zingoje. Kila mhusika awe na mikono kadiri ya vifungo anavyoweza kufunga na wenzake: haidrojeni mkono mmoja, oksijeni miwili, naitrojeni mitatu, kaboni minne. Heliamu hana mkono hata mmoja. Mpe mwanafunzi kanuni hiyo tu, kisha mwambie awapange wahusika wake ili asibaki mkono unaoning'inia hewani. Atachora oksijeni mmoja aliyeshikwa na haidrojeni wawili, na hapo amechora maji. Atachora kaboni mmoja katikati ya haidrojeni wanne, nayo ni methani. Atahangaika na kaboni dayoksaidi mpaka agundue kwamba watu wawili wanaweza kushikana mikono miwili miwili. Mambo hayo tumezoea kuyaandika ubaoni kwa vistari na kuwataka wayanakili. Hapa wameyafikia kwa kuona picha yao imekwama.

Mikono inasaidia pia pale ambapo uchoraji wa kawaida unapotosha. Mwanafunzi akiambiwa amchore kaboni atakimbilia almasi, kwa sababu almasi inapendeza: mtu mgumu, anayemeta, mwenye taji. Mwenzake atachora mkaa: mtu mweusi, mchafu, wa hovyo. (Hapo mwalimu awe macho. Mchoro ambao mweusi ni jambazi na dhahabu ni binti wa kifalme mwenye ngozi nyeupe haujatoka kwenye Kemia, umetoka kwingine, na kudai ushahidi ndiyo njia ya haraka ya kuufichua.) Nani kati yao yuko sahihi? Hakuna. Ugumu wa almasi ya Mwadui haumo ndani ya atomu ya kaboni. Umo katika namna atomu hizo zilivyoshikana, kila moja na wenzake wanne, kila upande. Grafaiti ya Mahenge ni atomu zile zile, ila kila moja imeshikana na tatu tu, zikafanya tabaka tambarare zinazoteleza moja juu ya nyingine. Elektroni ya nne, ile ya mkono usioshikwa, inabaki ikizurura kati ya atomu, ndiyo maana grafaiti hupitisha umeme na almasi haipitishi. Tabaka hizo zinazoteleza ndizo zinazobaki kwenye karatasi penseli inapopita. Kwa hiyo mwanafunzi anayemchora kaboni kwa penseli tayari anamtumia kaboni, jambo ambalo darasa huwa linalifurahia kuliko linavyostahili.

Kwa lugha ya Fasihi, heliamu ni mhusika bapa. Ukishamjua ukurasa wa kwanza umemjua hadi wa mwisho. Kaboni ni mhusika duara, anabadilika kulingana na watu aliokaa nao, na kosa kubwa la michoro mingi ninayoiona ni kumfanya kila mmoja bapa.

Florini ndiye mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa ushahidi wake umo midomoni mwa watu. Pita Arusha, zunguka vijiji vya chini ya Mlima Meru, utakutana na watu wazima wenye meno ya rangi ya kahawia, mengine yenye vishimo. Maji ya kule hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi, yaani florini katika umbo lake la majini, mahali pengine mara kadhaa kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa ukomo. Sasa mtoto wa Meru akiulizwa florini ni mtu wa namna gani, atakujibu: mharibifu wa meno. Mtoto wa Dar es Salaam aliyesoma maandishi kwenye dawa ya mswaki atajibu: mlinzi wa meno. Na mtoto aliyefungua kitabu cha Kemia atajibu: gesi ya manjano hafifu, kali kuliko zote, inayovamia karibu kila kitu inachokigusa, iliyowaumiza na hata kuwaua baadhi ya wanakemia waliojaribu kuitenga kabla Henri Moissan hajafanikiwa mwaka 1886.

Darasa zuri litagombana hapo, na mwalimu aache ligombane. Kisha alete hesabu. Atomu ya florini ina protoni 9 na elektroni 9. Floraidi ina protoni 9 na elektroni 10. Tofauti kati ya yule muuaji na huyu anayekaa kimya ndani ya glasi ya maji ni elektroni moja. Uso ni ule ule, maana protoni, ambazo ndizo huitambulisha elementi, hazikubadilika; kilichoongezeka ni kitu kimoja mkononi. Meno je? Floraidi hunaswa na madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye meno na mifupa. Ikiwa kidogo huyaimarisha, ikizidi wakati meno yanakua huyaharibu. Na kwa sababu hiyo hiyo, njia mojawapo ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi ya kuitoa floraidi majini ni kuyapitisha maji kwenye mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inanasa kile ambacho kingeenda kunaswa na mifupa ya mtoto. Mchoro ukifika hapo umekuwa na hadithi yenye mwanzo na sababu, na sifa moja, ile ya kushikamana na mfupa, imetolewa ushahidi mara tatu.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe, ambayo wapinzani wa zoezi hili wanaijua na wana haki ya kuisema.

Kila mwaka, kila darasa, hadithi ya chumvi husimuliwa hivi: sodiamu ana elektroni moja ya ziada, anataka kuigawa. Klorini amepungukiwa moja, anataka kupewa. Wanakutana, mmoja anatoa, mwingine anapokea, wote wanafurahi, chumvi inapatikana. Kwenye michoro sodiamu huwa kijana mkarimu amenyoosha mkono na klorini ni dada mwenye njaa. Keith Taber, aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwenzake Mike Watts waliandika mwaka 1996 kuhusu wanafunzi wanaoziongelea atomu namna hii, zinapenda, zinataka, zinahitaji, na jinsi usemi huo unavyoweza kushika nafasi ya maelezo yenyewe. Baadaye Taber aliwauliza wanafunzi kuhusu kiumbe wa ajabu: sodiamu aliyepewa elektroni saba za ziada hadi ganda lake la nje likajaa nane. Wengi walisema huyo yuko thabiti kuliko atomu ya kawaida ya sodiamu. Hakuna maabara duniani inayoweza kumtengeneza huyo. Lakini kama umefundishwa kwamba atomu inatamani nane, jibu lao lina mantiki kabisa.

Basi tumpeleke sodiamu mbele ya msahihishaji. Sifa: mkarimu. Ushahidi uko wapi? Kuing'oa elektroni ya nje ya sodiamu kunagharimu kilojuli 496 za nishati kwa moli, yaani kwa fungu moja maalumu la atomu. Hatoi, ananyang'anywa. Klorini akiipokea, zinapatikana kilojuli 349. Kuna pengo la 147, na hao wawili wakiwa peke yao, mbali na wengine, biashara hiyo ni ya hasara. Anayelipa ni nani? Analipa umati. Ioni za sodiamu na za klorini, yaani atomu zilizokwisha kunyang'anywa au kupokea elektroni, zikishajipanga, kila moja imezungukwa na sita za upande wa pili, mvutano wao unatoa kilojuli 787 hivi, na hapo hesabu inafungwa kwa faida kubwa. Tena hata ule mwanzo wa hadithi ni wa uongo: klorini hawatembei mmoja mmoja, wanatembea wawili wawili wameshikana, na sodiamu wamejazana ndani ya kipande cha metali. Hakuna mpweke aliyekuwa anamtafuta mpweke mwenzake.

Mtu anaweza kusema basi, tuache michoro. Nami nasema ndiyo sababu tuchore. Neno "anataka" likitamkwa darasani linapita kama hewa. Mwalimu mwenyewe analitumia mara kumi kwa kipindi bila kujisikia. Likichorwa linabaki ukutani, linaonekana, linaweza kuwekewa kidole na kuulizwa ushahidi. Mwambie mwanafunzi amwandikie sodiamu bei kifuani, 496, na klorini aandikiwe 349, kisha achore biashara inayokamilika. Picha ya watu wawili haitakubali. Itambidi aongeze wengine, na wengine, mpaka ukurasa ujae, na hapo ameelewa kwa nini chumvi ya Uvinza ni punje na si molekuli za atomu mbili mbili.

Kipimo cha mwisho cha mchoro, kwa maoni yangu, ni kama unaweza kutabiri. Dmitri Mendeleev alipolipanga jedwali lake mwaka 1869 aliacha nafasi tupu, na mwaka 1871 akawaelezea kwa kina wahusika ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mmoja wao angekaa chini ya alumini: metali ya kuyeyuka kwa urahisi, yenye densiti ya kama gramu 5.9 kwa kila sentimita ya ujazo. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaigundua galiamu, akapima densiti yake, akapata 4.7. Mendeleev akamwandikia kwamba aisafishe vizuri apime tena. Alipopima tena, 5.9. (Galiamu huyeyuka karibu nyuzi 30, mchana wa Februari mjini Dar es Salaam ungeikuta imelowanisha meza.) Mtu ambaye hakuijua elektroni, maana elektroni yenyewe iligunduliwa mwaka 1897, alimjua mhusika kwa kuijua familia yake.

Hilo linafanyika darasani bila gharama. Bandika lithiamu, sodiamu na rubidiamu ukutani pamoja na takwimu zao, ficha potasiamu, na uwaambie wamchore asiyeonekana. Watapata mengi. Watasema ni laini, ana mkono mmoja, anagombana na maji kuliko sodiamu. Kiwango chake cha kuyeyuka watakikadiria kati ya nyuzi 98 za sodiamu na 39 za rubidiamu. Jibu ni 63.5. Kwenye densiti watakwama. Sodiamu ni 0.97, rubidiamu 1.53, watasema potasiamu lazima awe katikati, na wamfanye mnene kiasi. Kumbe ni 0.86, mwepesi kuliko mdogo wake. Hata familia za watu zina wa namna hiyo. Mwanafunzi aliyetabiri akakosea hapo atamkumbuka potasiamu miaka mingi kuliko aliyepewa namba ainakili. Kwa upande mwingine, wale wanaokimbilia oganesoni, namba 118, na kumchora joka la moto, nawashauri warudi nyuma. Zimewahi kutengenezwa atomu chache tu za kuhesabika, na kila moja ilitoweka kabla ya sekunde kwisha. Huyo hana kitabu cha kutolea mifano.

Kuna jambo la kusemwa kuhusu maabara. Penseli na karatasi ni rahisi, na mkuu wa shule asiye na bajeti anaweza kulifurahia zoezi hili kupita kiasi. Mchoro hauwezi kuchukua nafasi ya kipande cha sodiamu ndani ya beseni la maji. Ushahidi lazima utoke mahali, na mahali penyewe ni maabara, au angalau mtaani: kutu ya bati la paa, chumvi yenye madini joto, zebaki ya wachenjuaji wa Geita inayoimeza dhahabu lakini haiigusi chuma, ndiyo maana husafirishwa kwenye chupa za chuma. Mwanafunzi aliyehama kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza cha sekondari anapata pia nafuu, kwa kuwa anaweza kuonyesha anachokijua kabla hajapata maneno ya kukisema. Nafuu hiyo ni ya muda, mtihani unamngoja kwa Kiingereza vile vile. Na uzuri wa mchoro usipewe alama hata moja. Nimeona michoro ya vijiti iliyokuwa sahihi kila mkono, na mingine ya kutundikwa hotelini ambayo haikuwa na kemia yoyote ndani.

Ninapotaka kujua kama darasa limeshaiva, nawapa haidrojeni. Wampe nywele za familia gani? Upande mmoja watasema za lithiamu na sodiamu, kwa sababu ana elektroni moja na huipoteza kwa wenzake. Upande wa pili watakataa: huyu ni gesi, anatembea wawili wawili kama klorini, na akipashwa moto pamoja na sodiamu anaipokea elektroni badala ya kuitoa. Watanitazama niamue. Jedwali la ukutani kwetu limemweka juu ya lithiamu, lakini yapo yanayomweka juu ya florini, na mengine yamemweka peke yake katikati, hagusani na yeyote. Huwa nawaambia wachore, kila mmoja aandike ushahidi wake pembeni, nikusanye madaftari.